Majina ya marehemu wa chuo chetu: tunaandika nani, na tunayapata wapi?

Binti_Mtoni

Habari zenu wakuu, na shikamoo kwa wakubwa. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu maana nimeshachoka kabla kazi yenyewe haijakolea.

Nilisoma chuo kimoja cha ualimu, sikitaji maana ni kidogo sana nikikitaja tu mtanijua. Gredi A, miaka ile. Tuna grupu letu la WhatsApp na wengi wetu tuko hapahapa Dar, Mbagala, Tabata, Kigamboni, wengine Bunju huko. Tumekubaliana tufanye siku ya kuwakumbuka wenzetu waliotangulia mbele ya haki, waliosoma na waliotufundisha, na tuweke kibao cha marumaru chuoni chenye majina yao. Mchango umeanza kuingia, kamati ipo, mweka hazina yupo, na mimi ndo nikatwishwa kazi ya majina eti kwa sababu nina mwandiko mzuri, sasa mwandiko na marumaru wapi na wapi.

Shida ya kwanza listi. Mtu anaandika kwenye grupu "yule mrefu wa bweni la pili naye alifariki", dakika tano mwingine anajibu "we nani kakwambia, nilimwona stendi juzi". Hapo unaandika nini? Mabinti ndo kasheshe zaidi, tuliwajua kwa majina ya baba zao, wakaolewa, wakapangiwa vituo Rukwa huko na Mtwara, wakawa Mama fulani, mtu anafariki na tangazo linatoka kwa jina ambalo darasani kwetu hakuna aliyewahi kulisikia.

Shida ya pili ndo iliyonileta hapa. Kwenye kikao niliuliza, na wapishi je? Mlinzi? Dereva? Matroni? Mwenyekiti akasema kibao kina nafasi ndogo, tuanze na wanachuo na wakufunzi, hao wengine tuweke mstari mmoja chini "na wafanyakazi wote". Watu wakapiga makofi. Mi sikupiga. Mpishi wetu tulikuwa tunamwita Babu, saa tisa usiku yuko jikoni anawasha kuni za uji, ukiumwa anakutengea wako pembeni na ndimu. Kuna wakufunzi wamenifundisha miaka miwili na jina langu hawakulijua (Mungu awarehemu nao). Nilivyosema hivyo nikaulizwa, haya, huyo Babu jina lake nani? Ukumbi mzima kimya.

Kwa hiyo: majina mnayapata wapi na mnayahakiki vipi, na hawa wa jikoni na getini waingie au wasiingie?

Kijana_wa_Gerezani

Poleni dada. Ila mi ningekuwa kwenye hiyo kamati ningeuliza swali moja, marumaru ya nini? Hiyo hela si mngewalipia watoto wa hao marehemu ada na madaftari. Jiwe halili.

Mzee wa Chaki

Marahaba binti. Nimestaafu ukufunzi na kazi kama hii nimeisimamia, nitakueleza nilichokiona.

Usianze na nani kafa. Anza na nani alisoma. Nenda chuoni na barua ya kamati, omba rejista ya udahili, nakili majina yote mwaka kwa mwaka, wazima na marehemu pamoja, yakiwa matatu matatu kama yalivyo. Halafu kila mwaka tafuta watu wawili wa kuipitia hiyo listi jina kwa jina, mmoja mwanamke mmoja mwanaume maana mabweni hayakuwa na habari moja. Ukifanya hivyo kuna watu mtakuta hakuna anayewakumbuka kabisa, na katikati ya hao ndo mna marehemu wengi, kwa sababu mtu aliyekufa mwaka mmoja baada ya kuripoti kituoni hakuwahi kuwa kwenye grupu lolote, simu zenyewe hazikuwepo. Grupu linakumbuka waliokufa juzi. Na huyo binti aliyebadili jina, kwenye rejista bado yuko na la baba yake, unaliweka hilo na la ndoa linafuata.

Kuhakiki: jina lisipande kwenye jiwe mpaka lithibitishwe na watu wawili ambao hawakuambiana, na mmoja awe ndugu. "Nilisikia" haipandi, inabaki kwenye daftari lako. Mwalimu akifariki kazini shule aliyofundisha inajua, mwalimu mkuu anajua, chama cha walimu CWT wilaya wanajua, na faili lake liko ofisi ya TSC, Tume ya Utumishi wa Walimu, ya wilaya. Faili hawatakupa na wako sahihi kutokukupa, ila ukiwa na ndugu wa marehemu mnaweza kuulizia mambo yakaenda. Njia nyingine watu huisahau, ni vile vyama vya watu wa kwao. Hapa Dar mwili unaagwa Muhimbili au nyumbani halafu unapandishwa gari kwenda Moshi, Bukoba, Songea, na aliyekusanya nauli ya hilo gari huwa na daftari. Nimepata tarehe nyingi za uhakika kwenye madaftari ya rambirambi kuliko kwenye ofisi yoyote.

Kwa wa zamani kabisa, wale wa enzi za UPE, elimu ya msingi kwa wote, waliomwagwa nchi nzima baada ya 1977, kuna magazeti. Maktaba Kuu pale Bibi Titi, na pale Mlimani maktaba ya chuo kikuu kuna sehemu wanaita East Africana. Uhuru na Daily News za zamani zina kurasa za tanzia na kumbukumbu. Ni kazi ya vumbi, peleka vijana wawili wenye subira na uwape nauli. Vifo vingi vya wakati ule vilitangazwa Redio Tanzania tu, ile "habari ziwafikie" fulani popote walipo, na redio ikishasema imeshasema, hapo unategemea kumbukumbu ya mama yake mtu.

Wafanyakazi nitarudi kuwasemea, nimeitwa chai.

Abuu Nasra

Assalaam alaykum na Bwana Yesu asifiwe, tusalimiane wote. Nina machache ya kuangalia kwa upande wetu Waislamu maana chuo cha serikali hicho naamini kina watu wa dini zote.

Picha msiweke bila kuuliza familia. Zipo zitakazofurahi na zipo ambazo hazitaki kabisa picha ya marehemu wao ibandikwe ukutani, na hawana ubaya na mtu. Jina linatosha. Na msiweke alama ya dini juu ya kibao, mkiweka msalaba mtaulizwa, mkiweka mwezi mtaulizwa, acheni wazi.

Siku yenyewe, sijui mmepanga lini. Wakatoliki wana tarehe 2 Novemba ya kuwaombea marehemu na Novemba yote wanaendelea. Kwetu watu husoma sana hitma Shaabani kabla ya kuingia Ramadhani, ingawa wapo ndugu zetu ambao hitma yenyewe hawaikubali, msiwalazimishe. Nilichoona kinafanya kazi ni kutoichanganya: misa asubuhi kwa wanaotaka, dua kwa sheikh kwa wanaotaka, halafu saa sita wote mnakutana bwaloni majina yanasomwa na msomaji mmoja, polepole, bila hotuba ya mgeni rasmi katikati. Mgeni rasmi aje ale pilau akae.

Na yule Babu wa jikoni, kama alikuwa Muislamu basi msikiti aliokuwa anaswali Ijumaa upo, nendeni mkaulize wazee. Mpishi wa chuo hawezi kupotea msikitini.

dada_wa_Temeke

Mi nina neno moja tu na naomba lisikilizwe. MSIANDIKE SABABU YA KIFO. Kuna grupu moja nipo walianza listi yao vizuri, mara mtu kaongeza "aliugua muda mrefu", mwingine akaongeza lake, wiki hiyohiyo mtoto wa marehemu ambaye yumo kwenye grupu akaisoma. Miaka ya tisini tulizika sana jamani, tunajua wote, walimu vijana kabisa, ni mpaka dawa za kufubaza zilipoanza kutolewa bure 2004 ndo watu wakapumua. Watoto wa wale ndo watu wazima sasa, wana wakwe na waume. Jina, mwaka aliosoma, mwaka aliofariki. Basi.

Katibu_Mstaafu

Naomba nimtetee mwenyekiti kidogo maana naona anasulubiwa na hayupo. Kibao kina bei kwa herufi. Ukiingiza kila kibarua aliyewahi kufyeka nyasi mtafika wapi? Na kwa haki gani unaingiza mpishi wa 1985 unayemkumbuka wewe ukaacha wa 1979 usiyemjua? Bora "wafanyakazi wote" kuliko kuwaingiza nusu nusu.

Mzee wa Chaki

Nimerudi. Katibu hoja yako ya nusu nusu ina uzito, ila dawa yake ni kutafuta, siyo kufuta.

Nilifundisha historia. Wanafunzi wangu nilikuwa nawapeleka Posta pale kwenye sanamu la Askari, la tangu 1927, nawaambia nitafutieni jina la mtu hapo. Hakuna. Linawakumbuka askari na wapagazi wa Vita ya Kwanza ya Dunia "kwa ujumla". Wapagazi walikufa kwa maelfu, njaa na magonjwa zaidi ya risasi, na kambi yao ilikuwa hapohapo Kariakoo tunapokwenda kununua sukari. Leo nitajieni mmoja. Halafu panda Barabara ya Bagamoyo kwenye makaburi ya vita, utaona mistari ya mawe na majina yamechongwa moja moja. Waliokuwa na cheo na karatasi wameandikwa. Ndivyo "wafanyakazi wote" inavyofanya kazi, binti kaiona mapema.

Sasa njia. Wafanyakazi wa ajira wana mafaili chuoni na majina yapo kwenye orodha za mishahara, zile karatasi ndefu walizokuwa wanasaini mwisho wa mwezi au kuweka dole gumba. Muulizeni mhasibu wa zamani, stoo huwa hazitupwi. Pensheni siku hizi ni PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, tangu mifuko ilipounganishwa 2018, ila hapo nendeni na mjane au mtoto, wageni hawapewi taarifa. Wenye shida ni vibarua, waliolipwa kwa siku, hao faili hawana. Hao ni kwa mjumbe, kwa serikali ya mtaa, kwa mama anayeuza maandazi nje ya geti tangu enzi hizo.

Nafasi ya kibao: toeni vyeo vyote. Msiandike Mkuu wa Chuo nani, Mwl. nani, ndivyo vinavyokula herufi. Pangeni kwa alfabeti, mpishi akae popote herufi yake inapoangukia. Na acheni theluthi ya jiwe tupu, mtaihitaji.

Mtoto wa Kota

Nimesoma nikashindwa kupita. Mimi sikusoma chuo hicho wala sijui ni kipi, ila nimezaliwa kota za wafanyakazi za chuo kama hicho, baba alikuwa fundi, anarekebisha vitanda, pampu ya maji, vitasa, meza za maabara. Tulikuwa tunakula ukoko wa bwaloni tukitoka shule. Baba alipofariki wanachuo wa zamani hawakuja, siwalaumu, hawakujua, wengine walikuwa mikoani. Baadaye sana kwenye daladala ya Gongo la Mboto mbaba mmoja akaniangalia akaniambia wewe una sura ya Fundi. Nikamwambia ndo baba yangu. Akaanza kunihadithia jinsi baba alivyomtengenezea sanduku la kufuli kwa mbao za vitanda vibovu akamlipa kwa sabuni mche mmoja, watu wote kwenye gari wanasikiliza, konda mpaka kasahau kudai nauli. Nikamuuliza unamjua jina? Akasema Fundi. Nikamwambia jina lake, akalirudia mara mbili tatu mpaka aliposhuka.

Kaka Gerezani, ada tulisoma kwa shida na hela ingesaidia kweli, sikatai. Ila mama yangu bado yupo. Mkimuuliza achague kati ya mfuko wa mchele na jina la mumewe ukutani pale alipofanya kazi maisha yake yote sina hakika kama angechagua mchele.

Dada Mtoni, watafute watoto wa kota. Wako hapahapa mjini. Sisi tunajua majina ya wote, mpaka ya wale mliokuwa mnawaita kwa majina ya utani tu, maana nyumbani kwetu walikuwa ni Baba fulani na Mama fulani na kwenye misiba yao tulikuwepo.

Kijana_wa_Gerezani

Mtoto wa Kota nimekuelewa. Basi fanyeni vyote, mchango ugawanywe. Ila mweka hazina asome mahesabu kwenye grupu kila wiki maana kibao tunajua bei na marehemu hawaulizi risiti.

Binti_Mtoni

Asanteni sana wote, Mzee wa Chaki shikamoo tena. Nimeongea na mwenyekiti kwa simu nikamsomea ya kuondoa vyeo, akacheka, maana yeye mwenyewe ndo alikuwa na mpango wa kuandika cheo cha marehemu shemeji yake. Amesema ataipeleka kwenye kamati. Sababu za vifo nimeshazifuta zote kwenye faili, zilikuwepo kweli dada wa Temeke, umeniokoa.

Na kuhusu watoto wa kota, nilirusha swali kwenye grupu letu jana usiku na mtu akaniunganisha na dada mmoja yuko Chanika, alikulia pale chuoni, mama yake alikuwa anafua mashuka ya zahanati. Nikamuuliza Babu wa jikoni. Akaniambia yupi, maana mlikuwa na wawili, wa zamu ya asubuhi na wa jioni, na wote mlikuwa mnawaita Babu. Wa jioni yuko hai, anakaa kwa mwanae Kisarawe. Jumamosi naenda na huyo dada kumwona, nabeba na rejista. Mwenye swali la kumuuliza alitume kabla ya Ijumaa.