Tumechanga wote, reli wamejijengea wao: kamati ya chama chetu cha treni kubwa za mfano itujibu

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Nimemwandikia katibu, hajajibu. Nimeuliza kwenye kundi la wanachama, swali langu likafutwa, na tangu hapo kundi limefungwa, wanaoandika ni viongozi peke yao. Kwa hiyo nauliza hapa, mbele ya kila anayeupenda mchezo huu: ile njia mpya ya chama ni ya nani?

Kwa wasiotufahamu, chama chetu ni cha watu wa treni za mfano zinazotembea kwenye reli ya upana wa milimita 45. Geji hii, yaani upana kati ya reli mbili, ni ya zamani. Märklin, watengeneza vichezeo wa Ujerumani, walipoanza kuzipa reli zao za vichezeo namba mwaka 1891, hii ndiyo ikawa geji namba 1. Mwaka 1968 LGB, kampuni nyingine ya Ujerumani, wakaja nayo upya kwa treni ngumu za kukaa nje bustanini. Tangu hapo reli imekuwa moja na skeli, yaani treni ya mfano ni ndogo mara ngapi kuliko ile halisi, zimekuwa nyingi. Ya 1:32 ni ndogo mara 32: zidisha 45 kwa 32 unapata 1440, karibu sawa kabisa na reli ya kawaida ya milimita 1435. Zidisha kwa 22.5 unapata kama mita 1, ndiyo maana LGB wana treni nyingi za Rhätische Bahn, shirika la reli ya mita 1 la Uswisi. Kwa 20.3 unapata futi 3, reli nyembamba za Marekani. Wenye 1:29 hesabu yao inaangukia 1305, ambayo si reli ya kawaida wala nyembamba, lakini wanazipenda treni zao na sijawahi kumbeza mtu kwa hilo.

Katiba yetu iko wazi. Chama ni cha wapenzi wote wa geji hii, iwe treni yako inakula umeme wa relini, inabeba betri yake, au inachemsha maji na kwenda kwa mvuke wa kweli. Ada ni moja. Mchango wa njia mpya nao ulikuwa mmoja, tukatoa wote, na wazee wawili watatu wa mvuke walitoa zaidi ya walichoombwa kwa sababu waliamini wanajenga nyumba yao.

Sasa tazameni kilichojengwa.

Kona zote ni za nusu kipenyo cha milimita 600. Hiyo ndiyo kona kali kuliko zote katika seti za kawaida za LGB, ile inayokuja kwenye boksi la mtu anayeanza. Kichwa kifupi cha treni cha LGB kitapita hapo bila shida, kimetengenezwa kwa ajili yake. Lakini kichwa cha 1:32 chenye magurudumu kumi ya kuvuta hakipindi hapo. Watu wa mvuke wa geji 1 wakijenga kwao hutafuta nusu kipenyo cha mita 3 na kuendelea, na wana sababu. Kichwa cha mvuke kisicho na rimoti hakina wa kukipunguza mwendo. Kwenye kona kali kinakaba, unalazimika kukifungulia mvuke zaidi, kisha kikitoka kwenye kona kikakuta mnyoofu kinafyatuka, na kona inayofuata kinapinduka. Hicho ni chuma cha kilo kadhaa chenye moto ndani. Eneo la chama linatosha kabisa kwa mzunguko mpana. Nimelipima kwa futi mkononi, na kila mwanachama anaweza kwenda kulipima.

Kona zingekuwa peke yake ningesema ni ubishi wa mafundi. Kinachonichoma ni umeme. Njia nzima imeunganishwa na mfumo wa dijitali, volti iko relini muda wote, na hakuna swichi hata moja ya kukata sehemu. Kila anayejua treni hizi anajua maana yake. Vichwa vingi vya mvuke vina magurudumu ya chuma kwenye ekseli ya chuma, bila kizuizi cha umeme katikati. Ukikiweka juu ya reli yenye umeme umeunganisha reli ya kushoto na ya kulia. Shoti papo hapo. Mfumo unazima kwa wote waliomo njiani, na usipozima haraka, ampea zinazoingia pale zinachimba vidonda kwenye magurudumu na kuchemsha nyaya. Maana yake kichwa cha mvuke hakiwezi kuwekwa kwenye njia ya chama hata kikiwa cha baridi, hata kikiwa kinavutwa.

Dawa yake ni swichi moja ya kukata umeme na ratiba ya zamu, basi. Au mizunguko miwili, wa nje bila umeme kwa ajili ya mvuke na betri, wa ndani wenye umeme. Wenzetu wenye mchanganyiko kama wetu wanafanya hivyo kila mahali. Jambo hili lilisemwa kwenye kikao cha wanachama, nilikuwepo, mwenyekiti akaitikia kwa kichwa, na mweka hazina akasema fedha inatosha mizunguko miwili. Umejengwa mmoja. Fedha ya wa pili iko wapi? Sijamwita mtu mwizi. Nasema hesabu haijasomwa, na mwanachama aliyechanga ana haki ya kusomewa.

Nimejibiwa kwa mdomo na mjumbe mmoja wa kamati kwamba mvuke "umeondolewa kwa sababu za usalama". Hili limeniudhi kuliko mengine yote. Boila za vichwa vyetu zinapimwa. Mpya inajazwa maji baridi na kusukumwa hadi mara mbili ya mgandamizo wake wa kazi, na baadaye inarudiwa kila muda wake ukifika. Maji yanatumika kwa sababu hayabanwi kama hewa, hata boila ikishindwa inavuja tu, hairuki. Kila kichwa kina vali ya usalama inayofunguka yenyewe. Vyeti tulivikabidhi kwa kamati. Kama kuna cheti kilichokwisha muda, kitajwe na mwenye nacho akirekebishe. Kama hakuna, basi neno usalama lisitumike kumfukuza mtu aliyefuata kila kanuni mliyomwekea.

Tena hao wanaotufundisha usalama wamefunga reli za shaba kwenye mbao kwa skrubu, zikiwa zimekazwa mwisho hadi mwisho, bila kuacha mwanya hata mmoja. Njia iko nje, juani. Mita 10 za shaba zikipanda nyuzi joto 30 zinarefuka karibu milimita 6. Zitakwenda wapi? Zimekwenda upande, mnyoofu wa kaskazini sasa una kiwiko unachokiona kwa macho, na mabehewa ya watu wa umeme wenyewe yanaanguka pale. Fundi aliyeijenga njia ya zamani angewaambia hilo kwa dakika moja. Hakuitwa hata kuonja chai ya uzinduzi.

Swichi za njia, yaani pale reli zinapogawanyika, nazo ni zile za magurudumu yenye ukingo mrefu. Gurudumu jembamba la 1:32 likifika pale reli zinapokatana linadumbukia kwenye mwanya. Kwa hiyo hata mwenye 1:32 ya umeme, ambaye hana moto wala mvuke, naye yuko nje. Ukiwaondoa hao, ukaondoa mvuke, na wenye 1:20.3 ambao mabehewa yao yanagonga mdomo wa handaki, wanaobaki ni kikundi kidogo, na ajabu ni kwamba makabati ya wajumbe wa kamati yote yamejaa treni za kikundi hicho.

Ninachotaka ni haya, na ninataka kwa maandishi. Muhtasari wa kikao kilichoamua mzunguko mmoja utolewe, pamoja na majina ya waliohudhuria, tuone kama akidi ilitimia. Mapato na matumizi ya mchango yasomwe. Swichi ya kukata umeme iwekwe sasa hivi, kazi hiyo niko tayari kuifanya kwa mikono yangu na waya wangu. Kona zijadiliwe kwenye mkutano mkuu, siyo kwenye simu ya mwenyekiti.

Na mpaka hapo, sitalipa ada mpya. Walio na nakala ya katiba yenye kifungu cha kuitisha mkutano wa dharura, naomba mwibandike hapa chini. Mwanachama yeyote aliyechanga na hawezi kuendesha treni yake aandike tu ni skeli gani na inaendeshwa na nini, jina halihitajiki. Orodha hiyo nitaichapisha na kuipeleka kwa katibu mkononi, apokee na asaini.