Mteja anasema hana uwezo wowote, hapo unafanyaje?

Mwanagenzi_Nax
Habari zenu. Niko atachmenti ya kaunseling hapa Nakuru na supavaiza wangu anasisitiza tuanze na uwezo wa mteja, tusikae kwa shida tu. Kwa karatasi iko poa. Sasa kuna kijana (maelezo nimebadilisha), alikuwa wa boda, wenye mkopo wakachukua pikipiki, amerudi kwa mamake na hata kula mbele ya wadogo zake anaona aibu. Nikamuuliza "una uwezo gani?" akanijibu "ningekuwa nao ningekuwa hapa?" Nikakwama. Nikimwambia yeye ni shujaa naona ni kama namvika kilemba cha ukoka. Nyinyi huuliza vipi?

NyarKisumo
Swali lenyewe ndio gumu, hata wewe ukiulizwa hivyo kwa intavyuu ya kazi unatoka jasho. Uliza alichofanya. "Na hayo yote, umewezaje kuamka ukavaa ukaja hapa leo?" halafu unyamaze, usimsaidie kujibu. Kuna mama wa omena aliniambia hajui kitu, hakusoma, nikamuuliza siku ya mvua omena isipokauka anafanyaje. Wee! Ile imeharibika ana mtu wa chakula cha kuku wa kumuuzia, wakopeshaji anajua nani atangoja na nani atakuja kumpigia kelele mlangoni, na pesa ya chama anaitoa kabla hajanunua hata sukari. Nikaandika yote nikamsomea, akasema si hiyo ni kazi ya kila siku tu. Basi deni lake tukalipangia hapo hapo, kwa akili yake mwenyewe.

Mzee_wa_Lurambi
Sawa lakini polepole. Huku kwetu Kakamega mwanamke akipigwa anaambiwa vumilia, sasa kaunsela naye amsifu kwa kuvumilia?? Mimi natafuta ile ingine, kwamba kitambulisho na nauli ameshaficha kwa jirani, hiyo ndio naijengea mpango wa usalama. Na huyo kijana wako, muulize wazi kama amewaza kujiua, kuuliza hakumtii wazo kichwani. Wengi hunyamaza wakiogopa polisi, mwambie Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilichoadhibu jaribio la kujiua kinakiuka Katiba.

Kaunsela_Milimani
Mzee amesema kweli, na hii mbinu ya kuanza na uwezo haikuanzishwa iwe ya kusifu sifu watu. Kina Charles Rapp na Dennis Saleebey wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, kuanzia miaka ya 1980, waliisukuma kwa watu walioishi na ugonjwa wa akili muda mrefu, watu ambao mafaili yao yalijaa ugonjwa na ni nadra ukute imeandikwa huyu anapenda nini, anamjua nani. Ndio maana kwao uwezo hauishii ndani ya mtu, shangazi anayepokea simu ni uwezo, chama ni uwezo, steji pia. Halafu Milwaukee, huko huko Marekani, kwa wataalamu wa tiba kina Steve de Shazer na Insoo Kim Berg, ndio tulipata ile ya skeli: kutoka 0 hadi 10 uko wapi? Akisema 2 usimuulize mbona si 8, muulize mbona si 0. Atakutajia mwenyewe kinachomshikilia, na hapo hujamsifu hata kidogo.

Mwanagenzi_Nax
Asanteni sana, hiyo ya mbona si 0 nimeibeba. Swali dogo tena, alinigusia kuna jamaa wa steji humwachia pikipiki yake Jumapili akienda kanisani. Hiyo nayo nihesabu ama ni kibarua tu?

NyarKisumo
Mtu akuachie pikipiki yake, Kenya hii?? Muulize huyo jamaa anamwamini kwa nini yeye na si wale wengine wote pale steji, na umwache ajibu hata akichukua dakika tano. Lakini ile ya Mzee, ya kuuliza kama amewaza kujiua, uitangulize.