Mwanajeshi mstaafu anaweza kuwa wakili, mbunge, kisha jaji?

Mdau wa Igoma: Wakuu, kuna mstaafu wa JWTZ hapa Mwanza, miaka 46, anataka kusoma sheria pale chuo kikuu cha SAUT, agombee ubunge na baadaye awe jaji. Kikatiba inawezekana?

Kanzu Nyeusi: Inawezekana, ila apige hesabu ya umri kwanza. Ibara ya 109 ya Katiba inataka sifa maalum za kisheria kwa muda usiopungua miaka kumi, na jaji wa Mahakama Kuu anastaafu akiwa na 60. Shahada miaka mitatu au minne, halafu Shule ya Sheria Dar mwaka mmoja akifaulu bila kurudia (matokeo ya 2022 mnayakumbuka, wengi walifeli!). Atafika uwakili na 50 au 51. Jumlisha kumi. Rais anaweza kutengua hilo sharti la miaka kumi, lakini huo si mpango wa kutegemea.

Sangara wa Kirumba: Kwenye siasa, ibara ya 147 ilimzuia kuwa na chama akiwa jeshini. Amestaafu, basi ruksa. Akiteuliwa jaji, 113A inamfunga tena: hana chama, anabaki na kura yake tu.

Mdau wa Igoma: Na wale wa Marekani waliopita jeshi na siasa hadi ujaji?

Kanzu Nyeusi: Hugo Black alikuwa wakili Alabama, kapteni wa mizinga Vita Kuu ya Kwanza, seneta kuanzia 1927, akaingia Mahakama Kuu ya Marekani 1937 na kukaa hadi 1971. Kule hakuna ukomo wa umri. Afande wetu aufikirie uwakili na ubunge, ujaji auweke pembeni.