Mama anatapika na ana vidonda vya mdomo baada ya kemo: tumsaidieje nyumbani?

Binti wa Umoja:
Hamjambo nyote. Mama yangu anatibiwa saratani ya matiti kwa kemo, yaani dawa za saratani za doksorubisini na saiklofosfamidi, ambazo hutiwa mshipani kila baada ya wiki tatu. Baada ya kila dozi hutapika, harufu ya chakula humchukiza, na sasa mdomo umejaa vidonda hata uji wa moto haupiti. Jirani anatusihi tumpe mitishamba ya kusafisha damu, naye mama amechoka na ameanza kusema kwamba dozi ijayo hatakwenda. Kliniki ni mara moja kwa wiki, na mengi hutupata usiku. Je, mliopitia haya mliyastahimili vipi, na ni dalili gani zisizofaa kungojea siku ya kliniki?

Muuguzi, Kayole:
Pole sana dada, na umfikishie mama pole zetu. Naanza na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo zito. Dawa hizi hushambulia seli zinazogawanyika upesi, kwa hiyo pamoja na zile za saratani huziumiza pia seli za uboho, za utando wa mdomo na za mizizi ya nywele. Chembe nyeupe za damu kwa kawaida hupungua zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi, na wakati huo homa ya nyuzi 38 au zaidi huenda ikawa dalili pekee ya maambukizi yanayoweza kumwua mtu upesi. Nunueni kipimajoto. Homa ikifika hapo, hata kama ni saa nane za usiku na mama anasema hajambo, mpelekeni kwenye idara ya dharura na mumwambie mhudumu wa kwanza kwamba yuko kwenye kemo, ili asiachwe kwenye foleni. Msimpe parasetamoli mkingojea kuche, kwa maana itashusha homa huku maambukizi yakiendelea. Asingojee vilevile akitetemeka kwa baridi, akipumua kwa shida, akitokwa na damu isiyokoma, au maji yenyewe yakikataa kukaa tumboni. Mkojo mwekundu siku moja au mbili za kwanza ni rangi ya doksorubisini. Ukiendelea baada ya hapo, au ukimwuma, aonwe na daktari.

Mama wa Kasarani:
Binti yangu, nilitibiwa kwa dawa hizo hizo. Vidonge vya kuzuia kutapika avimeze kwa saa zilizoandikwa, kabla kichefuchefu hakijaanza. Akitapika licha ya hivyo, mwelezeni daktari kabla ya dozi ijayo, kwa sababu zipo dawa za kuongezea, na inaniuma kuona wagonjwa wakinyamaza wakidhani kwamba hawana budi kuteseka ili wapone. Kwa vidonda, asukutue mara kwa mara kwa maji vuguvugu yenye chumvi kidogo na magadi ya kuokea (baking soda), atumie mswaki laini, na aepuke dawa za kusukutua zenye spiriti. Mimi nilikula uji wa wimbi uliopoa, viazi vilivyopondwa na mayai yaliyoiva kabisa, kidogo kidogo mchana kutwa, na vitunguu vilikaangwa nisipokuwa karibu. Kachumbari ya barabarani aiache kwa sasa.

Mfamasia, Ngara:
Kuhusu mitishamba, tafadhali msimpe. Baadhi ya mimea hubadilisha jinsi ini linavyozishughulikia dawa za saratani, zikazidi mwilini au zikapungua nguvu, na daktari hawezi kurekebisha asichokijua. Jirani anawatakia mema, lakini pakiti hiyo ipelekeni kliniki kwanza ikaangaliwe.

Kuhusu kususia dozi, mama asiamue peke yake nyumbani. Amwambie daktari waziwazi kwamba ameshindwa, kwani dozi inaweza kupunguzwa au kuahirishwa, jambo ambalo ni tofauti kabisa na kutoonekana. Nairobi Hospice pia hutoa huduma shufaa, yaani kutuliza maumivu na dalili nyingine kama hizi. Wengi hudhani huduma hiyo ni ya walio mahututi tu, ilhali humfaa pia mgonjwa aliye katikati ya matibabu, kwa hiyo ulizeni mapema.