“The house in which she lives in”: kosa liko wapi hasa, na kihusishi kikae mbele au mwisho?

Zabibu_Chungu (Makole, Dodoma)

Wakuu, salaam. Kidato cha nne wamepewa waunganishe sentensi mbili: “This is the house” na “She lives in the house”. Majibu yamekuja ya aina tano:

a) This is the house in which she lives.
b) This is the house which she lives in.
c) This is the house in which she lives in.
d) This is the house which she lives in it.
e) This is the house in that she lives.

Nimetoa alama kwa (a) tu. Mwalimu mwenzangu anang'ang'ania kuwa (b) nayo iko sawa, mimi nimekaririshwa kuwa sentensi ya Kiingereza haimalizwi na kihusishi. Jambo la pili: wanafunzi wanauliza lini waandike “on which”, lini “at which”, lini “by which”. Nawajibu “inategemea”, na hilo si jibu. Mwenye utaratibu wa kueleweka atusaidie.

Kalamu_Nne

Mwenzako yuko sahihi, (b) ipewe alama zote. Labda kama swali lilielekeza “use: in which”.

Hilo katazo la kihusishi mwishoni halikutoka kwenye Kiingereza chenyewe. Mshairi John Dryden aliwalaumu waandishi waliomtangulia kwa jambo hilo mwaka 1672, na Kilatini ndicho kilikuwa kipimo cha wasomi wa wakati ule. Robert Lowth, aliyeandika sarufi mwaka 1762, hakulikataza kabisa: alisema ni la mazungumzo ya kawaida, na kwamba maandishi rasmi yanapendeza zaidi kihusishi kikitangulia. Mpaka leo hali ni hiyohiyo. Barua ya maombi ya kazi au ripoti ya halmashauri, weka mbele. Mazungumzo ya stendi, acha mwisho.

Utaratibu wa kufundisha ni huu. Chukua “This is the farm. They grow grapes on the farm.” Tafuta nomino iliyojirudia katika sentensi ya pili, hapa ni “the farm”. Ifute, weka “which” papo hapo: “They grow grapes on which.” Sasa hamisha. Ukihamisha “which” peke yake unapata “the farm which they grow grapes on”. Ukihamisha vyote viwili unapata “the farm on which they grow grapes”. Kihusishi ni kilekile, kimehama au kimebaki. Aliyeandika (c) amekihamisha, kisha akakiacha na nyuma. Aliyeandika (d) ameleta “which” bila kufuta nomino, akaigeuza tu kuwa “it”.

Kipimo cha haraka kwa mwanafunzi: hesabu vihusishi katika sentensi ya pili, kisha hesabu katika jibu. Idadi lazima ilingane.

Kuhusu (e): “that” haikubali kihusishi mbele yake. Kihusishi kikibaki mwisho, uhuru upo: “the house which she lives in”, “the house that she lives in”, hata “the house she lives in”. Kikienda mbele, kwa kitu ni “which” tu, kwa mtu ni “whom” tu, na huwezi kukiacha peke yake ukasema “the house in she lives”. Kwa mtu, “the clerk who I spoke to” inapita katika mazungumzo, lakini “the clerk to who I spoke” haipiti popote.

Mbuyu_wa_Bahi

Naongezea chanzo cha makosa, maana bila hicho utasahihisha mpaka wino uishe.

Kosa la (d) ni Kiswahili safi kilichovaa maneno ya Kiingereza: “nyumba ambayo anaishi ndani yake”. Kwetu ile “yake” ni lazima. Kwao nafasi hiyo inabaki tupu.

Kuhusu kuchagua kihusishi, tatizo ni kwamba Kiswahili kinakificha ndani ya kitenzi, kwenye ile kauli ya kutendea. Kamata kitenzi kimoja tu, andikia:

kalamu anayoandikia: the pen with which she writes
karatasi anayoandikia: the paper on which she writes
daftari analoandikia: the exercise book in which she writes
meza anayoandikia: the table at which she writes
gazeti analoandikia: the newspaper for which she writes
mtu anayemwandikia: the person to whom she writes

Kwetu ni umbo moja na nomino ndiyo inayotuambia maana. Kiingereza kinadai vihusishi sita. Mwanafunzi anayetafsiri hana pa kukiona kihusishi, kwa hiyo anabahatisha, na akibahatisha huchukua “by which” kwa sababu kichwani ana “kwa”. Ndiyo maana unakuta “the price by which they sell grapes” wakati ni “at which”. “Na” nayo ina mtego wake: “treni tuliyokuja nayo” inazaa “the train with which we came”, kana kwamba waliibeba. Andika “the train on which we came”.

Dawa ni kumlazimisha aandike kwanza sentensi kamili ya Kiingereza, ndipo aunganishe. “They sell grapes at a good price.” Ile “at” ameiona kwa macho, haibahatishi tena.

Kihusishi hutoka sehemu mbili. Ama kitenzi au kivumishi kinakidai: depend on, belong to, consist of, afraid of. Au nomino yenyewe ina kihusishi chake, na hizi zikaririwe tu: the extent to which, the rate at which, the conditions under which, the basis on which, the ease with which, the way in which. “The way how” ifutwe kila inapoonekana.

Nkuhungu_Mpya

Mnawapa watoto mzigo bure. Wafundishe “where” wamalize. “The house where she lives.” Hakuna kihusishi, hakuna kosa.

Kalamu_Nne

@Nkuhungu_Mpya kwa nyumba sawa. Ila “where” imeshameza “in”, “at” au “on” ya mahali, kwa hiyo “the house where she lives in” ni kosa lilelile la (c). Halafu haimezi kila kihusishi. “Kolo, near which the Kondoa rock paintings are found” ukiigeuza “where”, umeihamishia michoro kijijini. “The hill from which you can see the town” nayo haikubali “where” peke yake. Na kwa wakati usiitumie: “1973, the year where Dodoma was chosen as the capital” ni kosa. Andika “in which” au “when”.

Zabibu_Chungu

Asanteni sana. Kuna mjanja ameandika “the children after whom she looks”. Kihusishi kiko mbele, “whom” ipo, hesabu inalingana, lakini sikio linakataa. Kwa nini?

Mbuyu_wa_Bahi

Kwa sababu “look after” ni neno moja lililoandikwa kwa maneno mawili. Ukivuta “after” mbele umelipasua. Sema “the children she looks after”. Vivyo hivyo “the noise they put up with”.

Kipimo kinachosaidia mara nyingi: jaribu kuchomeka kielezi katikati. “She looked carefully for the keys” inakubalika, kwa hiyo “the keys for which she looked” inawezekana. “She looks carefully after the children” haikai, kwa hiyo “after” iachwe ilipo.

Kuna na kinyume chake, vihusishi visivyopenda kubaki nyuma. “The meeting during which two members slept” ni sawa. Ukiandika “the meeting which two members slept during”, sentensi inachechemea.

Kalamu_Nne

Na wasisahau “of”. “The group has twelve members, most of whom are farmers.” Wengi huandika “most of them are farmers” baada ya mkato, na hapo wamegandisha sentensi mbili kwa mkato tu. Wakitaka “them”, waweke “and”. Kwa vitu ni “most of which”. Kwa umiliki kihusishi hutangulia “whose”: “the woman in whose house we stayed”.

Nkuhungu_Mpya

Haya, wataalamu wa kuhesabu: “The evening on which the lights came on.” Kuna “on” mbili. Anapata au anakosa?

Kalamu_Nne

Anapata. Rudi kwenye sentensi ya pili: “The lights came on on that evening.” Hata pale ziko mbili, moja ya “come on”, nyingine ya “evening”. Mbili zimeingia, mbili zimetoka. Angeandika “the evening which the lights came on” ndipo ningemkata, maana moja imepotea njiani.