Naomba ushauri: naambiwa binti harithi shamba

Habarini ndugu zangu. Niko Tukuyu. Baba alifariki mwezi wa tatu, ameacha ekari mbili za migomba na parachichi. Kaka yuko Dar mwaka wa tisa. Mimi ndiye napalilia na kuvuna, hadi viganja vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Kwenye kikao cha ukoo baba mdogo akasema, "Wewe utaolewa, shamba la kaka yako." Mama akainama tu. Nilipotaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kwamba mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili, nikaambiwa shule imeniharibu. Mwenyekiti wa kijiji ni wa ukoo huohuo.

Nianzie baraza la kata au nifungue mirathi mahakama ya mwanzo? Na mama nimlindeje asitengwe na mashemeji?