Mrejesho: kompresa nimeifunga chini ya siti

Wakuu, niliuliza nifunge wapi kompresa ya kujazia matairi upepo kwenye Land Cruiser yangu, chini ya boneti au ndani. Asanteni sana. Boneti nimeachana nayo: nafasi pekee iliyobaki ilikuwa jirani na ekzosi, na kwa jua hili la Dodoma joto lingeimaliza mapema. Sasa iko chini ya siti ya abiria, juu ya bamba la chuma lenye raba za kupunguza mtetemo. Waya mnene unatoka moja kwa moja kwenye betri, fyuzi ikiwa palepale kwenye betri. Kelele ipo, tena kubwa. Jumamosi nilipunguza upepo wa matairi ili nisikwame nikivuka korongo la mchanga kule Bahi, kisha nikajaza matairi yote manne bila kompresa kujizima kwa kupata moto. Nimefurahi mno.